Madai Hupikwa Ofisini, Saiti Yanapakuliwa Tu

Agosti 2017 Watanzania tuliambiwa kwamba ndege yetu mpya aina ya Bombardier Q400 imezuiwa Kanada. Aliyesema ni mwanasiasa wa upinzani, Tundu Lissu, na kwa wiki kadhaa nchi ikaacha kila kitu ikamjadili yeye: ni msaliti au mzalendo, habari kazipata wapi, anafurahia nini. Aprili 2018 ndege ikatua Dar es Salaam, vigelegele vikapigwa, mjadala ukafa. Hakuna aliyeuliza habari za barabara. Maana ndege ile haikukamatwa kwa kosa la ndege. Kampuni ya Stirling Civil Engineering ilikuwa inadai fedha za mkataba wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo, mkataba uliovunjwa miaka mingi kabla. Shauri lilipelekwa kwa wasuluhishi, mdai akashinda, tuzo ikakaa bila kulipwa, riba ikaendelea kuongezeka mpaka deni likatajwa kuwa kiasi cha dola milioni 38, na mwenye deni lake akaanza kutafuta mali ya Tanzania popote ilipo.

Nani alikuwa na haki? Wasuluhishi walishasema, sina la kuongeza. Linaloniudhi ni jinsi tulivyolimaliza jambo lile. Tulibishana siasa tukasahau maswali ya saiti. Barua ipi haikujibiwa? Hati ipi ya malipo ililala mezani, na mezani kwa nani? Aliyeshauri mkataba uvunjwe alihesabu kwanza gharama ya kuuvunja? Hayo hayakuulizwa kwenye runinga wala bungeni kwa uzito unaostahili, na kwa kuwa hayakuulizwa, ofisi zetu zinaendelea kuandaa madai mengine ya aina ile ile kwa fedha za bajeti ya mwaka huu.

Nasema kuandaa, na namaanisha hivyo. Mkandarasi akileta madai tumezoea kumwangalia kama tapeli aliyekuja kuiba kwa kutumia karatasi. Ukweli ambao kila mkadiriaji majenzi anaujua, na wengi hawausemi kwa sababu mkate wao uko kwa mteja, ni kwamba madai makubwa kwenye miradi ya umma hupikwa na mteja mwenyewe, ofisini, kabla katapila halijashushwa kwenye tela.

Anza na tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha unaisha, fungu lipo, lisipotumika linarudi Hazina. Basi mradi unatangazwa hata kama usanifu haujakamilika. Mhandisi mshauri aliyestahili kupewa muda wa kuchunguza udongo anapewa wiki chache, anatoboa mashimo mawili pale gari linapofika kirahisi, sehemu iliyobaki anaijaza kwa kubahatisha. Zabuni inatolewa kwa michoro ya kubahatisha. Mkandarasi anaweka bei juu ya michoro hiyo. Siku anapochimba msingi wa daraja anakuta tope jeusi pale karatasi inaposema mwamba, na kila mtu anajifanya kushangaa. Tope lile lilikuwepo tangu enzi za babu zetu. Kilichokosekana ni shimo la tatu la uchunguzi, na bei ya shimo moja ni vijisenti ukilinganisha na bei ya kubadili msingi wakati mtambo wa kuchimbia nguzo umesimama mtoni.

Halafu kuna ardhi. Mheshimiwa ameshaweka jiwe la msingi, kitambaa kimevutwa, ngoma zimechezwa, na mkandarasi anatakiwa aanze kazi ndani ya siku zilizotajwa. Lakini kandokando ya barabara nyumba zimesimama na alama zao za X nyekundu, na waliomo ndani hawatoki kwa kuwa fidia haijalipwa. Hawana kosa, angetoka nani kwenye nyumba yake kwa ahadi? Nguzo za TANESCO zipo katikati ya njia mpya. Bomba la maji linapita chini ya mtaro, na mamlaka ya maji inasema haina bajeti ya kulihamisha mpaka mwaka ujao. Mkandarasi ana greda, rola, malori na vibarua wanaolipwa kwa siku. Mkataba unasema mteja atamkabidhi eneo la kazi likiwa huru. Halipo huru. Kuanzia hapo kila siku inayopita ni pesa ya umma inayoungua bila kupika kitu, na aliyewasha moto ni ofisi iliyotia saini ikijua fidia haijalipwa.

Nikitaka kuonyesha ugonjwa huu kwa karibu huwa sitafuti bwawa la umeme wala reli. Kalavati moja linatosha. Injinia mkazi anasimama ukingoni mwa mtaro asubuhi baada ya mvua, anaona maji yalivyokula tuta. Anamwambia mkandarasi, "Hili moja halitoshi. Weka mawili." Mkandarasi anajibu, "Sawa injinia, ila naomba barua." "Barua utaipata. Wewe mwaga zege, mvua hazisubiri." Zege linamwagwa. Kazi ni nzuri, maji yanapita, kijiji kinafurahi. Barua haiji. Baada ya miezi injinia anahamishiwa mkoa mwingine, anakuja mwenzake. Wakati wa kufunga hesabu, mkandarasi anaweka kalavati la pili kwenye madai yake, na ofisi inamuuliza kwa sauti ya hakimu: nani alikuagiza?

Kalavati lipo pale, unaweza kupita juu yake na gari. Kwenye jalada halipo.

Dawa yake ilishaandikwa zamani. Katika mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, ile yenye jalada jekundu ambayo miradi yetu mingi mikubwa imejengwa juu yake, agizo la mdomo lina njia yake. Mkandarasi analithibitisha kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi. Msimamizi asipolipinga kwa maandishi ndani ya siku 2 nyingine, barua ya mkandarasi inakuwa ndiyo agizo. Siku nne, karatasi moja, mgogoro umekufa kabla haujazaliwa. Kwa nini haifanyiki? Kwa sababu kwetu barua inaonekana kuwa uchokozi. Mkandarasi anayeandika anaitwa msumbufu, na injinia anayejibu kwa maandishi anaogopa kwamba karatasi hiyo siku moja itamrudia mbele ya wakaguzi. Kwa hiyo wote wawili wanakubaliana kuongea tu.

Hili linanishangaza kwa watu wa nchi hizi. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Na Waislamu wa mwambao wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni, mwandishi na mashahidi wakiwepo. Muuza nazi wa Tanga ana daftari la wanaokopa kwake. Ofisi inayosimamia mradi wa mabilioni haina kumbukumbu ya mvua ilinyesha siku gani, na mkandarasi akidai nyongeza ya muda kwa ajili ya mvua, pande mbili zinaanza kubishana kama wazee wanaokumbuka masika ya zamani. Kipima mvua ni kopo lenye alama za milimita!

Tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo kwenye kidonda. Chini ya mkataba huo huo wa 1999 msimamizi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo tangu apokee hesabu za mkandarasi, na mteja anatakiwa awe amelipa ndani ya siku 56. Akichelewa, riba inaanza kuhesabiwa yenyewe, bila mkandarasi kuomba: asilimia 3 juu ya kiwango cha benki kuu, tena inazaana kila mwezi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Sasa tuseme hati ina thamani ya shilingi bilioni 5, na riba kwa mwaka ni asilimia 12. Ikilala miezi 18 bila hata kuzaana, umeshapoteza milioni 900. Pesa hiyo haijashindilia kifusi wala haijasuka nondo. Ni faini tuliyojiandikia wenyewe. Na jibu ambalo mkandarasi alipewa miezi yote hiyo kila alipogonga mlango ni lile lile: suala lako linafanyiwa kazi.

Ningependa siku moja mkaguzi atuhesabie sentensi hiyo imeligharimu taifa kiasi gani. Linafanyiwa kazi na nani? Ofisi ipi? Mpaka lini?

Ukivuka Namanga mambo ni yale yale, ila wenzetu yamewafikia hadi kwenye pampu ya mafuta. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilichukua shilingi 7 za kila lita, kutoka kwenye tozo ya matengenezo ya barabara ambayo ni shilingi 25, ikaziweka dhamana kwa wakopeshaji ili kupata kiasi cha shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai. Wakandarasi wengine walikuwa wameshaondoa mitambo saiti. Kwa hiyo abiria wa matatu leo anachangia deni la barabara iliyojengwa nusu, kwa tozo iliyoanzishwa ili barabara zitengenezwe. Watetezi wa mpango huo wanasema bila hivyo kazi zisingeendelea, na huenda ni kweli. Lakini swali linabaki pale pale: aliyeruhusu mikataba isainiwe kuzidi uwezo wa mfuko kulipa yuko wapi?

Nisije nikadhaniwa nawapamba wakandarasi. Wapo wanaoshinda zabuni kwa bei ambayo hainunui hata saruji, wakijua kabisa kwamba faida yao itatoka kwenye barua za madai. Wapo wanaoorodhesha greda bovu, lililokaa juu ya mawe tangu mwaka juzi, kama mtambo uliosimamishwa na mteja, na kudai kodi yake ya kila saa. Wapo wakandarasi wakuu, wageni kwa wenyeji, wanaopokea malipo kutoka serikalini na kuwazungusha wakandarasi wadogo walio chini yao mpaka mtu anauza kiwanja. Hao wote waumbuliwe. Ila anayetoa zabuni kwa bei ya ajabu ni kamati ya zabuni, na anayeshindwa kukanusha greda bovu ni msimamizi ambaye hakuandika ni mtambo gani ulikuwa saiti tarehe ipi. Mwizi wa madai hawezi kuiba kwenye nyumba yenye daftari.

Sasa tazama anayelipwa na asiyelipwa kwa mtindo huu. Kampuni kubwa kutoka nje inakuja na mtu wa mikataba ambaye kazi yake ni kuandika. Mkataba unamtaka mkandarasi atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu ajue tatizo, la sivyo anapoteza haki. Yeye anaandika siku ya tatu, anaambatisha picha zenye tarehe, orodha ya mitambo na majina ya vibarua. Miaka ikipita jalada lake lina unene wa tofali, na msuluhishi akilifungua anaona kila kitu. Upande wa serikali unaleta muhtasari wa vikao usiosainiwa na ushahidi wa mdomo wa mtu aliyestaafu. Nani atashinda?

Mkandarasi mzawa wa daraja la saba, la chini kabisa, naye ana hasara ile ile, ila haandiki. Anaandika vipi? Tenda ijayo itatoka ofisi ile ile. Amekopa benki kwa hati ya nyumba, hati yake ya malipo imelala halmashauri, vibarua wanamsubiri nje ya geti kila Jumamosi, na bado anatabasamu akikutana na mhandisi wa wilaya kwa kuwa hataki kuonekana mkorofi. Huyo hatumsikii kwenye takwimu za migogoro. Ofisi itatangaza kwa fahari kwamba miradi yake midogo haina madai. Haina, kwa sababu mdai amefilisika kimya kimya. Kwa hiyo tunamlipa riba mgeni anayejua kuandika barua, na tunamuua mwenyeji anayetuheshimu, kisha kwenye makongamano tunazungumzia kuwawezesha wazawa.

Na pale mambo yanapoharibika, wanasiasa wanaingia. Kiongozi anafika saiti na kamera, anaona kazi imesimama, anamfokea mkandarasi mbele ya wananchi, anaagiza awekwe ndani au mkataba uvunjwe. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu hadi saa 48, kwa mazingira maalumu ya kuhatarisha amani, si kwa ajili ya kukimbiza ratiba ya kazi. Saa 48 za mahabusu hazijawahi kuhamisha nguzo ya umeme. Zinachofanya ni kumpa mkandarasi aya nzuri sana kwenye madai yake: mteja aliingilia kazi, tarehe fulani, ushahidi ni video ya mteja mwenyewe mtandaoni. Kuvunja mkataba jukwaani kunapigiwa makofi dakika moja. Wakati huo mwanasheria wa mkandarasi anatafuta kifungu cha taarifa ambacho mheshimiwa hakukifuata.

Wenye akili walishatafuta njia nyingine, tena si jana. Handaki la Eisenhower linapenya Milima ya Rocky magharibi ya Denver, Marekani. Tundu lake la kwanza lilianza kuchimbwa 1968 kwa matarajio ya miaka 3; likachukua miaka 5, miamba ikawasumbua, gharama ikazidi mara mbili ya makisio. Walipoingia kwenye tundu la pili, mwaka 1975, wakaweka bodi ya watu watatu wanaokubalika kwa pande zote mbili, wanaofika kwenye kazi tangu mwanzo. Jambo likizuka linapelekwa kwao wakati mwamba bado unaonekana na aliyetoa agizo bado yupo. Handaki likakamilika bila watu kufikishana mahakamani. Benki ya Dunia ikaichukua njia hiyo kwa miradi yake mikubwa katika miaka ya 1990, FIDIC wakaiingiza kwenye mikataba yao, na toleo la 2017 likataka bodi iwepo tangu kazi inapoanza, wajumbe wake waweze hata kushauri pande mbili kabla jambo halijawa mgogoro.

Sisi tunafanya nini? Tukifika kwenye kifungu cha bodi tunakifuta, au tunakiacha kwenye karatasi bila kuteua mtu, kwa hoja kwamba wajumbe ni gharama. Gharama yenyewe pande mbili hugawana nusu kwa nusu. Huo ndio ubahili wetu: tunaokoa posho ya watu watatu wanaokuja saiti mara chache kwa mwaka, kisha tunawalipa mawakili wa London au Paris kwa saa.

Uingereza nao walikuwa wakikamuana hivi hivi. Mwaka 1994 Sir Michael Latham alitoa ripoti iliyowasema wote, wateja kwa wakandarasi, na miaka 2 baadaye Bunge lao likapitisha sheria inayoupa upande wowote wa mkataba wa ujenzi haki ya kupeleka mgogoro wakati wowote kwa mwamuzi ambaye kwa kawaida ana siku 28 tu. Unalipwa kwanza, ugomvi unaendelea baadaye kama bado mna hamu. Sheria hiyo hiyo ikapiga marufuku, isipokuwa pale aliye juu amefilisika, ule mtindo wa kumwambia mkandarasi mdogo kwamba utamlipa ukilipwa. Nchi zetu zina sheria za usuluhishi. Tanzania iliandika mpya mwaka 2020, na Baraza la Taifa la Ujenzi lina uzoefu wa miaka na migogoro hii. Lakini usuluhishi ni hospitali, na mimi nazungumzia mtu asiumwe. Nataka sheria ya siku 28, na nataka imfikie fundi wa daraja la saba huko Sumbawanga, asihitaji wakili wa kumtafsiria.

Pia nataka afisa masuuli aliyesaini mkataba kabla ya fidia kulipwa atajwe kwa cheo chake kwenye ripoti ya ukaguzi kila riba inapolipwa. Sasa hivi riba inaingia kwenye vitabu kama vile ilinyesha kutoka mbinguni. Ilisababishwa na mtu mwenye muhuri, na huenda alishapandishwa cheo.

Tena kuna jambo dogo linaloweza kuanza wiki ijayo bila Bunge kukaa. Kila mradi wa umma una ubao wake kando ya barabara: jina la mteja, la mhandisi mshauri, la mkandarasi, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Waongeze mistari miwili ya rangi nyeupe, ibadilishwe kila mwezi: hati ya mwisho ya malipo iliwasilishwa tarehe ngapi, na ililipwa tarehe ngapi. Mwananchi anayekula vumbi akiona kazi imesimama atajua aende kumfokea nani. Nasubiri nione ofisi gani itakuwa ya kwanza kununua rangi.